Fimbo Isipite Bega

Saskatoon, Kanada
9 Novemba 2003

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya Fabiola, maana binti yangu amesimama mlangoni hapa ananiambia nikiandika nisimsahau. Sisi wazima. Baridi imeingia kwa pupa mwaka huu, ndoo niliyoisahau nje jana leo maji yake ni jiwe. Zita wako alinipigia simu kutoka Mbulu mjini, anasema mimba inaendelea vizuri, ila ugali hautaki, anataka viazi tu. Mwambie mjomba wake amecheka sana.

Uliniuliza ni mchezo gani huu ninaocheza na wazee wenzangu, na kwa nini wazee wachezee barafu kama vile wamekosa pa kukaa. Ni hivi. Kuna jumba kubwa, sakafu yake yote ni barafu. Mnavaa viatu vyenye visu chini, kila mtu ana fimbo iliyopinda mwishoni, mnagombania kisahani cha raba kigumu ili mkiingize golini. Wanauita hoki. Vijana wakicheza wanagongana kama mafahali, meno yanaruka. Ligi yetu sisi ni ya waliopita hamsini na tano, kwa hiyo sheria zetu ni za watu wenye mifupa ya zamani. Kumgonga mtu makusudi, marufuku. Kuinua fimbo nyuma kama unapasua kuni, marufuku. Lazima uvae kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, na kabla ya msimu daktari akusikilize moyo, asiporidhika unabaki mtazamaji. Ukitukana, refa anakufungia kwenye kibanda cha pembeni dakika mbili, mzee mzima umekaa humo kama mtoto aliyemwaga maziwa. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote wameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: fimbo isipite bega. Mchezo ukiisha tunapanga mstari tunapeana mikono wote, hata yule uliyekuwa unamlaani kimoyomoyo.

Aliyeniingiza ni Mzee Oresti, jirani yangu. Ana miaka sabini na moja na anateleza kwenye barafu kama maji. Baada ya mama yake Fabiola kufariki, nilikuwa nakaa tu na redio. Oresti akaja akanishika mkono, akanifundisha kusimama kwenye visu hivyo kama anavyofundishwa mtoto kutembea, na nilipoanguka hakucheka. Mkewe Doris hutupikia supu ya kabichi tukirudi. Hawa ndio ndugu zangu wa huku, dada. Usiogope.

Niombee nisianguke,
Renatus


Maretadu, S.L.P. Mbulu
Mkoa wa Manyara (acha kuandika Arusha, barua zako zinazurura)
4 Januari 2004

Mdogo wangu Renatus,

Marahaba wewe na marahaba Fabiola. Huku tuko wazima isipokuwa yule ng'ombe mwekundu, ana jicho baya. Maharage yamekuwa mazuri, na siku hizi wanunuzi wanakuja na magari yao mpaka shambani, wanagombana wenyewe kwa wenyewe mbele yetu, sisi tunakaa tu tunawatazama. Yale mashamba ya ngano kule Hanang ulikokuwa fundi, wanasema yanauzwa kwa watu binafsi. Aliyepita huko ameniambia mashine zako za kuvunia zimeota majani mpaka kwenye usukani. Nilikuonea huruma.

Sasa hilo la barafu. Yesu na Maria! Mtu una miaka hamsini na tisa, umezika mke, una shinikizo la damu, unakwenda kujifunga visu miguuni? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe hilo guu umelifunga kisu kabisa. Nimemsomea Zita barua yako, amecheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka.

Nikuambie ukweli, barafu hainiogopeshi sana. Fimbo ndiyo inaniogopesha. Unajua kwa nini, na jina la kaka yetu Hermani silitaji zaidi ya hapa katika barua ya mwaka mpya. Watu wakishika fimbo wakawa wengi mahali pamoja, hata wakicheka, mimi mwili unanisisimka.

Kwa hiyo ukiona mtu anakujia na fimbo juu, usisahau komeo la baba. Mikono miwili, fimbo juu, ilale mbele ya paji la uso kama komeo la mlango. Nilikuwa nakufanyisha mwenyewe pale machungani juu ya kisima mpaka unalia, wewe ukiwa na meno ya utotoni bado. Sheria yao ya ukutani ibaki ukutani. Kichwa ni chako na hakina kipuri.

Mungu akushike huko kunakoteleza,
Dada yako Hilda


Saskatoon
15 Februari 2004

Dada Hilda,

Shikamoo. Pole kwa jicho la ng'ombe. Nafurahi kwamba maharage yamepata bei. Fabiola hajambo. Mimi hivyohivyo.

Huko hoki siendi kwa sasa, kiwanja kinatengenezwa.

Kuna kitu nataka kukuuliza, nauliza tu. Ile habari ya Hermani. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka kilio na nyumba kujaa watu. Baba alikusudia kufanya nini, kabla hawajamzuia? Ni nani alitakiwa kwenda kwa kina Patriki, na angesema nini? Ukipata nafasi niandikie.

Barua ni fupi, mkono unaniuma.

Renatus


Maretadu
20 Machi 2004

Renatus,

Marahaba. Zita amejifungua salama kule Tlawi, mtoto wa kiume, amepewa jina la Tito. Wanasema ana paji la baba. Mimi sijaenda bado, magoti yananisumbua.

Sasa nisikilize wewe mtoto. Kiwanja cha barafu kinatengenezwa katikati ya baridi? Hata mimi wa Maretadu, ambaye barafu nimeiona ile ya mvua ya mawe tu, najua huo ni uongo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniandikia mistari michache ya watoto wa shule, humtaji Oresti, humtaji Doris na supu yake, halafu ghafla unaniuliza habari za Hermani ambazo hujaziuliza tangu uvae suruali ndefu. Umempiga nani?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Umempiga nani, Renatus, na yu hai?

Nitakujibu ulichouliza, ili usiseme nimekuficha. Hermani na Patriki wa jirani walikuwa wanacheza fimbo, na walikuwa marafiki wa kulala kitanda kimoja. Fimbo ya Hermani ikampata Patriki sikioni. Hakuna aliyekusudia. Siku ileile baba akang'oa majani mabichi uani, akayashika mkononi aende kwa kina Patriki kuomba. Kwetu anayekuja ameshika majani hapigwi, anasikilizwa kwanza, na hilo unalijua. Njiani akakutana na karani wa baraza. Karani akamwambia asikanyage huko mpaka shauri lisikilizwe, akienda itahesabika amekiri. Baba alikuwa mtu wa kutii serikali. Akarudi, akayatupa majani kwenye zizi. Patriki akafa kabla shauri halijaitwa.

Baada ya hapo ungemwomba nani? Aliyetakiwa kusema "nimesikia" alikuwa kaburini. Hermani akaacha kula na watu. Akaenda zake Hirbadaw kuchunga ng'ombe wa wenyewe, na huko wakamkuta chini ya jiwe amekufa, mwili hauna jeraha hata moja. Mama aliishi akichota maji peke yake, wenzake wakishaondoka kisimani, mpaka uzee ukamchukua. Sijui ni nini kilichomuua Hermani. Najua tu kwamba naogopa mpaka leo, na nikisikia mlango unagongwa asubuhi nadhani wamekuja kunieleza habari yako.

Mzee Maximilian anayesimamia mambo haya ya damu hapa kwetu sijamwambia kitu. Nangoja neno lako. Usinifiche tena.

Hilda


Saskatoon
18 Aprili 2004

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Nimempiga Mzee Oresti.

Nimeandika sentensi hiyo kwanza kwa sababu karatasi nyingine zote nilizoanza na salamu ndefu niliishia kuzichana.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Siku hiyo tulipangwa timu tofauti. Mapema tulibishana juu ya goli, yeye anasema limeingia, mimi nasema wapi, nikamwita mwongo mbele ya watu. Ulikuwa utani, lakini utani wenye miba, kila mtu alisikia. Baadaye kidogo akawa anakuja kwangu kwa kasi. Kisu chake kikakwama, akapepesuka, mikono ikaruka na fimbo yake ikapanda juu. Niliona kitu kinakuja kichwani. Sikufikiri, dada. Naapa sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe ikaweka komeo. Mpini wa fimbo yangu ukamkuta chini ya ule wavu, kooni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuja na uzito wake wote. Akaanguka chali. Hakulia. Alikuwa anatafuta hewa haipati, na macho yake yananitazama mimi.

Siku niliyotoka kutoa maelezo kwa kamati ya ligi niliikuta barua yako ya Januari mlangoni, ile ya kunikumbusha komeo. Nilikaa sakafuni na koti langu.

Wamemtoboa koo wakamwekea mpira wa kupumulia. Sauti haina. Waliwahi kumruhusu arudi nyumbani, uvimbe ukarudi, wakamkimbiza tena hospitali. Kamati imenisimamisha kucheza mpaka uchunguzi uishe, na imeandika kwamba nisimwone, nisimpigie simu, nisimwandikie, yeye wala mkewe. Wanasema ni kwa usalama wa wote. Unaona? Ni karani yuleyule.

Wote wanaamini nilikusudia, kwa sababu ya yale mabishano. Fimbo ilipita bega, sheria iko ukutani, na mimi nilikuwa nimemwita mwongo. Mwenzetu mmoja aliniona dukani akarudisha mkate rafuni akatoka. Nikiwaambia mikono ilikwenda yenyewe, nani atanielewa? Hapa hakuna aliyechunga. Huwa naendesha gari mpaka nje ya hospitali, nakaa, narudi. Naogopa simu ikilia. Naogopa kuliko vyote kwamba atakufa akiamini rafiki yake alimchukia.

Na wewe pia una lako. Zita alinipigia analia. Anasema mumewe Basili alikuja kukuchukua ukamwone mtoto, ukakataa. Magoti gani hayo, dada, yanayopanda kilima kwenda kanisani kila Jumapili?

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Renatus


Maretadu
23 Mei 2004

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Afadhali umesema. Niliposoma nilikwenda kukaa zizini na ng'ombe mpaka giza likaingia, ndipo nikaweza kukunja karatasi.

Ndiyo, si magoti. Tangu barua yako ile fupi nilijua kuna damu, na mwenye damu ya mtu ndani ya ukoo ambayo haijaombewa hashiki mtoto mchanga. Nimekuwa nakunywa maji kwenye kibuyu changu peke yangu. Kwenye kazi za pamoja shambani nikipewa kata napitisha, nasema nimeshiba. Watu wameanza kutazamana. Zita sijamwambia kitu, maziwa ya mzazi hayataki hofu. Padri akisikia atasema hayo ni mambo ya kale, na mimi nasali rozari kama yeye, lakini Padri hakumwona Hermani alivyoletwa kutoka Hirbadaw.

Nimekwenda kwa Mzee Maximilian. Nilidhani atanifokea. Aliuliza swali moja tu: "Huyo aliyepigwa yu hai?" Nikasema alipoandika alikuwa hai. Akasema, "Basi unakaa hapa kufanya nini?" Nikamweleza kwamba wamekukataza usiende, kama walivyomkataza baba. Akasema mwenye kosa akizuiwa, ndugu yake anakwenda.

Nimelifikiria njia nzima. Sheria za hao wazee wa barafu si mbaya, Renatus, na komeo langu nililokuandikia Januari lilikuwa kinyume chake. Nimeelewa kwa nini fimbo isipite bega: mtu mzee akianguka hachagui pa kuangukia. Kwa hiyo usivunje sheria ya pili. Kaa nyumbani kwako kama walivyosema. Lakini wamekukataza wewe. Hilda wa Maretadu hawajamtaja popote.

Humu ndani kuna barua ya kumpelekea Doris. Mpe Fabiola aitafsiri, aipeleke mwenyewe kwa mkono wake, wewe usimsindikize hata hatua moja. Na kuna majani, nimeyang'oa uani palepale baba alipong'oa yake. Kama watu wa posta hawatayatupa, ayapeleke pamoja. Barua yenyewe ni hii, isome kwanza uone kama nimekuaibisha:

"Mama Doris,

Sijui kama umenizidi umri. Kama umenizidi, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, ipokee tu hivyohivyo, leo mimi ndiye ninayepaswa kuinama.

Naitwa Hilda, ni dada wa Renatus, nimembeba mgongoni. Nimesikia koo la mume wako limeumizwa na fimbo ya mdogo wangu. Nalia nawe. Supu yako nimeisikia tangu mwaka jana, na nilishukuru kwamba mdogo wangu amepata mahali pa kula.

Nataka ujue kitu kimoja, halafu uamue mwenyewe. Ile fimbo haikuinuliwa kwa chuki. Huku watoto wanachunga, na watoto wa machungani wanarushiana fimbo. Baba yetu alitufundisha kukinga kichwa, na mimi nilimkazania huyu mtoto mpaka mikono yake ikajua bila yeye. Alipoona fimbo inakuja, mikono ikafanya tuliyoifundisha. Simtetei. Koo la mzee ni koo, liwe limeumizwa kwa kukusudia au bila kukusudia.

Majani haya yametoka uani kwangu. Kwetu mtu akija ameyashika hapigwi, anasikilizwa kwanza. Hesabu kwamba nimesimama mlangoni pako nimeyashika. Nimesimama tu, siingii mpaka useme.

Hilda"

Basi. Nimesaini mwenyewe, na mkono wangu ni mbaya kwa sababu ya hofu, si kwa sababu ya shule. Fanya haraka, Renatus. Patriki hakusubiri.

Anayekesha kwa ajili yako,
Dada yako


Maretadu
11 Julai 2004

Renatus,

Wazima huku. Mahindi yanakauka vizuri. Ng'ombe mwekundu amepofuka jicho lile, lakini anatoa maziwa kama kawaida, hajali.

Kimya chako kitaniua. Nimekwenda posta Mbulu mjini mpaka yule binti wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Sanduku tupu. Amekufa? Kama amekufa niambie, nisiendelee kusimama kwenye mlango wa marehemu. Walikutumia polisi? Fabiola walimfukuza?

Zita amekuja mwenyewe na mtoto juzi, amenifuata hukuhuku. Nilimwona anakuja njiani nikafunga mlango nikatokea nyuma, ili adhani niko mbali shambani kwa jirani. Mwanangu mwenyewe, Renatus! Alikaa mlangoni muda mrefu. Nilimsikia mtoto analia, sauti yake nzito. Nilijificha kwenye mahindi yangu mwenyewe kama mwizi, nimeziba mdomo kwa kanga. Sijawahi kuogopa hivyo hata siku ya Hermani.

Andika hata neno moja.

Hilda


Saskatoon
25 Julai 2004

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Yu hai. Soma polepole, yu hai.

Najua barua hii itapishana na yako ya kunigombeza njiani. Nilishindwa kukuandikia kabla kwa sababu sikuwa na la kuandika. Barua yako ilifika Juni, Fabiola akaitafsiri, akaipeleka. Majani yalifika yamesagika kama majani ya chai, akayatia kwenye bahasha hivyohivyo. Doris alipokea mlangoni, akasema asante, akafunga. Halafu kimya. Wiki zikapita, nikipita mbele ya nyumba yao pazia linafungwa. Niliamini tumeharibu zaidi. Nilianza kula nimesimama, na Fabiola akaanza kuja kila siku kunichungulia kama ninapumua. Nilikuwa namfikiria Hermani na lile jiwe, sikufichi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya nyumba nakusanya majani niliyoyakata, nina reki mkononi. Nikasikia hatua nyuma yangu. Nikageuka. Oresti amesimama karibu kabisa, amekonda, kitambaa shingoni, na mkononi ameshika fimbo. Fimbo yangu. Ile niliyoiacha barafuni siku ile.

Dada, nilijua amekuja kunipiga. Na kabla sijajua kwamba nimejua, reki ilikuwa juu. Mikono miwili, mbele ya paji. Komeo. Nilifumba macho kabisa, mzee wa miaka hamsini na tisa, nimesimama kwenye ua wangu mwenyewe na reki kichwani.

Hakuna kilichotua. Nikafumbua macho. Oresti alikuwa hajasogea hata kidogo. Fimbo aliishika chini, kwa mkono mmoja, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Alikuwa ananitazama mikono. Akaitazama muda mrefu. Halafu akainama polepole akailaza fimbo kwenye majani kati yetu, akanyoosha mikono yake mitupu, akaipandisha mbele ya paji lake vilevile, akaniangalia kama anayeuliza. Sauti yake imerudi kidogo, kama karatasi inakunjwa. Akasema, "Ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo hii.

Akashika koo lake. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema mkewe alimsomea barua yako kila jioni tangu ifike, na yeye hakuiamini. Alidhani ni maneno ya dada anayempenda mdogo wake. Alikuja kurudisha fimbo, iliyokusanywa pamoja na vifaa vyake siku ile, ili asiwe na kitu changu nyumbani kwake. Sasa amekiona kwa macho yake. Kisha akaniambia reki niishushe, majirani wanatazama. Nikaishusha, nikalia, na yeye akanishika kiwiko kama alivyonishika siku ya kwanza kwenye barafu.

Kamati itakaa Septemba. Oresti anasema atawaandikia alichokiona. Wanaweza kunifungia kabisa hata hivyo, na wakinifungia nitakubali, maana fimbo ilipita bega na sheria ni ya kulinda makoo ya wazee. Koo lake halitapona sawasawa. Bado naogopa, lakini si ule woga wa kula nimesimama.

Doris alikuwa kwenye gari wakati wote. Oresti alipomaliza kusema, akashuka. Hakunipa mkono. Ana miaka sabini, amekuzidi wewe kwa miaka minne. Alikuwa na bahasha yako mkononi na vile vijani vyako vilivyosagika. Akasema Fabiola alikuwa ameandika pembeni ya tafsiri neno lile la salamu maana yake ni nini, ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, na kwamba asipoijibu ni kama amekuacha umesimama nje. Akasema amekuacha umesimama kwa muda mrefu, anakuomba radhi kwa hilo. Akaniuliza jibu linatamkwaje. Nikamfundisha. Akalirudia mara kadhaa mpaka likakaa vizuri mdomoni.

Kisha akasema nikuandikie, nisiongeze kitu: Marahaba, Hilda. Ingia.

Nenda Tlawi, dada. Kamshike mtoto.

Renatus